Uzi maalum: Mtoto kachomwa chanjo asubuhi, usiku ana homa. Tuelekezane

#1 Muuguzi wa Kliniki (mtoa mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwenye kituo cha afya. Siku za chanjo, simu huanza kuingia jioni: mtoto mwili unachemka, analia, na nyumbani kila mtu ana lake. Jirani anasema mpe Panadol, shangazi anasema usimpe kitu, bibi ameshaweka maji jikoni akande paja, na baba anauliza kama dawa waliyomchoma mwanawe haikuwa imeharibika. Nimeona tuweke uzi mmoja ambao mzazi anaweza kuufungua hata saa nane za usiku akapata pa kushika.

Jambo kubwa nililonalo ni hili: homa ya chanjo ina saa zake. Ukizijua, hutahangaika bure usiku wa kwanza, na hutakaa nyumbani siku ambayo ulipaswa kukimbia. Mtoto ninayemwogopea kuliko wote ni yule aliyepata homa siku ya tano baada ya Penta (ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14), akaachwa ndani kwa sababu "si alichomwa juzi". Huyo ana ugonjwa mwingine, na muda unampita.

Kwa hapa Tanzania mtoto akizaliwa anapata BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Halafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anapata Penta, chanjo ya nimonia (PCV) na matone ya polio; wiki ya 6 na ya 10 anapata pia matone ya rota kwa ajili ya kuhara, na wiki ya 14 inaongezwa sindano ya polio. Miezi 9 ni surua na rubela, inarudiwa miezi 18.

Katika zote hizo, inayoleta homa mara nyingi ni Penta, tunayoitumia nchini tangu 2009. Ndani yake kuna kinga tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na yule bakteria anayeitwa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sehemu inayochemsha mwili zaidi ni ya kifaduro, kwa sababu imetengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Hawezi kumuambukiza mtoto, lakini kinga ya mwili inamwona wote alivyo, inapambana naye, na katika kupambana inatoa kemikali zinazofika kwenye ubongo na kupandisha joto.

Homa ya Penta huanza siku ileile, mara nyingi jioni au usiku, na huisha ndani ya siku 1 hadi 2. PCV ni hivyohivyo, na kwa kuwa zinachomwa siku moja, paja moja huku na jingine kule, huwezi kujua ni ipi iliyoleta. Surua na rubela ni tofauti kabisa: siku ya sindano mtoto anaweza kuwa mzima tu, homa ikaja kati ya siku ya 5 na ya 12, pengine na vipele vidogo, kwa sababu kirusi kilichodhoofishwa kinahitaji muda wa kuongezeka mwilini. Wengi hapo wanakuwa wameshasahau kama kulikuwa na chanjo.

Usiku huo ufanye nini: mvue. Sweta, kofia, soksi na blanketi vyote pembeni, abaki na nguo moja nyepesi. Mnyonyeshe kila mara, hata kama ananyonya kidogo kidogo, kwa sababu homa inakausha maji mwilini. Mtoto wa chini ya miezi 6 maji yake ni maziwa ya mama, kwa hiyo glukosi na maji ya kunywa msimpe. Mpime kwa kipimajoto. Mkono wa mama unajua kwamba mtoto ana moto, ila hauwezi kutofautisha 37.8 na 39.

Maswali leteni. Nitajibu kila nikipata nafasi.


#2 Baba Pacha

Asante sana mtoa mada. Pacha wetu wana wiki 6, wamechomwa leo. Mmoja ana 38.2, analia lia, wa pili yuko poa kabisa, kalala. Mke wangu ana wasiwasi na huyu aliyelala, anasema labda chanjo haikumshika au nesi hakumchoma vizuri. Hilo lina ukweli?


#3 Muuguzi wa Kliniki

Hongereni na pacha, mkuu. Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Homa si kipimo cha chanjo kufanya kazi. Wapo watoto wengi wanaotengeneza kinga nzuri kabisa bila joto kupanda hata kidogo. Wametoka tumbo moja, lakini miili ni miwili na kila mmoja unaitikia kivyake.

Cha kufanya kwa aliyelala ni kumwamsha wakati wake wa kunyonya. Akiamka, akakushika na macho, akanyonya kwa nguvu zake za kawaida, huyo ni mzima. Usingizi mwingi kidogo siku ya chanjo upo. Ninachokikataa ni mtoto asiyeamshika, au anayeamka akiwa amelegea na chuchu haishiki. Huyo hasubiri asubuhi.

Wa 38.2: mvueni, mnyonyesheni, mbebeni. Mpimeni tena baada ya saa moja au mbili.


#4 Mama Wawili

Mimi huwa simsubirishi mtoto apate homa. Wa kwanza na wa pili wote nilikuwa nawapa Panadol ya maji asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, tukifika kliniki dawa imeshaingia. Hawakuwahi kunisumbua usiku. Kwa nini mtoto ateseke wakati dawa ipo?


#5 Muuguzi wa Kliniki

Dada Mama Wawili, nakuelewa, na kliniki kwetu wako wengi wanaofanya hivyo kwa mapenzi tu. Lakini utaratibu tunaofuata ni kutompa kabla, na una sababu.

2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Jamhuri ya Cheki kwa watoto wachanga 459. Wapo waliopewa paracetamol (ndiyo hiyo Panadol) ya kuzuia homa kila walipochanjwa, wapo ambao hawakupewa. Waliopewa walipata homa kidogo, kama ulivyoona kwa wanao. Walipopimwa damu, kingamwili zao kwa chanjo kadhaa zilikuwa chini kuliko za wenzao. Wengi bado walikuwa na kinga ya kutosha, kwa hiyo wanao usiwafikirie kwamba hawana kinga. Ila ukiwa na njia mbili, kwa nini uchague ile inayopunguza kitu ulichokifuata kliniki?

Shirika la Afya Duniani halishauri kuwapa watoto wote paracetamol ya kuzuia. Dawa ni ya mtoto ambaye homa imeshafika na inamsumbua. Mwongozo wa IMCI, ule wa kutibu watoto wagonjwa tunaoutumia vituoni, unaanza kutoa paracetamol joto likifika 38.5. Na mtoto mwenye 38 anayenyonya na kucheza hahitaji dawa, anahitaji kuvuliwa sweta.


#6 Mswahili Uingereza

Samahani hapo naomba kuuliza. Huku Uingereza nilipokwenda na mwanangu chanjo za wiki ya 8 nesi mwenyewe aliniambia nimpe paracetamol mara tu tukifika nyumbani, mililita 2.5, kisha dozi mbili nyingine kwa kuachanisha saa 4 hadi 6. Hakusema nisubiri homa. Sasa nani yuko sahihi?


#7 Muuguzi wa Kliniki

Wote, kwa sababu chanjo si zilezile. Huko tangu 2015 mtoto anapewa MenB, ya kuzuia aina moja ya homa ya uti wa mgongo, na hiyo ikichomwa pamoja na nyingine inapandisha joto kwa watoto wengi na kwa kiwango cha juu. Wakapima wakaona paracetamol haiharibu kinga ya MenB, ndipo wakaiweka kwenye utaratibu wao. Sisi MenB hatunayo kwenye ratiba. Na huko sehemu ya kifaduro ni ya vipande vilivyosafishwa, si bakteria mzima, kwa hiyo homa yake ni ndogo, ingawa kinga yake pia inapungua upesi zaidi kuliko ya kwetu.

Kwa hiyo wewe fuata nesi wako wa huko, na mama wa Morogoro afuate wa kwake. Naomba sana msitumiane maelekezo ya dozi kwenye WhatsApp kutoka nchi moja kwenda nyingine.


#8 Dawa Mbeya

Naomba niingie kwenye dozi, maana nauza duka la dawa muhimu na hapa ndipo makosa yanapotokea.

Mzazi akija akisema "nipe Panadol ya mtoto", mimi swali langu la kwanza ni kilo, halafu umri. Kadi ya kliniki ina uzito aliopimwa siku ileile ya chanjo, kwa hiyo njooni nayo. Dozi ya paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya mtoto. Chupa nyingi za maji zimeandikwa 120mg/5ml, yaani kila mililita 5 zina miligramu 120. Mtoto wa kilo 5 anahitaji miligramu 50 hadi 75. Mililita 2.5 za chupa hiyo zina miligramu 60, kwa hiyo anaingia vizuri kabisa hapo. Achanishe saa 6, na asizidishe dozi 4 kwa siku nzima.

Sasa sikilizeni. Yapo matone ya watoto kwenye chupa ndogo ambayo mililita 1 peke yake ina miligramu 100. Ukichukua yale ukapima mililita 2.5 kwa sababu jirani alikuambia "2.5", umempa mtoto wa kilo 5 miligramu 250. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya dozi yake ya juu, na ukirudia hivyo usiku kucha unaliumiza ini. Ini likiumia huwezi kuona kitu siku ya kwanza. Someni maandishi ya chupa kabla ya kupima, kila mara, hata kama ni chupa mliyoizoea.

Kijiko cha chai cha nyumbani msikitumie kabisa. Kuna kidogo, kuna kikubwa. Ombeni bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5, bei yake ni ndogo. Mimina taratibu upande wa ndani wa shavu, usimpulizie kooni.

Na kuna dawa nitakukatalia hata ukikasirika: aspirini, diklofenaki, na ibuprofeni kwa mtoto wa umri huu. Amoksilini ya kutuliza homa ya chanjo pia hakuna. Hapo hakuna bakteria wa kuua.


#9 Muuguzi wa Kliniki

Dawa Mbeya, Mungu akubariki, umeandika kila nilichotaka kuandika. Naongeza kimoja: mtoto wa wiki 6, na hasa aliye chini ya kilo 4, mzazi asijipangie dozi hata kwa hesabu hiyo. Kabla hujanyanyuka kwenye benchi kliniki, mwambie nesi akuandikie kwenye kadi: akipata homa nimpe kiasi gani. Ni haki yako kuuliza, na ni kazi yetu kujibu.

Benchi lenyewe msilikimbie. Tukisema kaeni dakika 15 hadi 30 baada ya sindano, tunamwangalia mtoto asije akapata mzio mkali, ambao ni nadra sana lakini ukitokea huja mapema, na dawa yake tunayo palepale. Akiwa ameshapanda bodaboda hatuna la kumsaidia.


#10 Bint Pangani

Mimi shida yangu ni mama mkwe. Nampenda na ananisaidia sana tangu nijifungue, lakini kila chanjo ananisubiri mlangoni na maji ya moto na chumvi akande paja, anasema dawa imeganda isambazwe. Mtoto analia mpaka anabadilika rangi. Usiku anamfunika kanga mbili na blanketi "ili homa itoke". Nikisema kitu naonekana sina adabu. Nifanyeje?


#11 Bibi wa Wajukuu

Mwanangu Bint Pangani, mimi ni mmoja wa hao mama wakwe, kwa hiyo naomba nikujibu. Tulikuta wazee wetu wanakanda na sisi tukakanda. Mjukuu wangu wa mwisho mama yake aliniomba twende wote kliniki. Nikamsikia nesi kwa masikio yangu akisema paja lisisuguliwe. Angeniambia mkwe wangu nyumbani ningebisha, lakini kwa nesi niliuliza maswali yangu yote nikajibiwa kwa heshima. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayewakataza wenzangu.

Mchukue mama yako mwende naye. Mpe ambebe mtoto. Atasikia.


#12 Muuguzi wa Kliniki

Bibi, shikamoo, na ahsante sana. Wabebeni mabibi waje, viti tutatafuta.

Kwa wengine: chanjo haigandi. Inachomwa ndani ya msuli na mwili unaichukua wenyewe. Ukikanda kwa maji ya moto na kusugua unaongeza uvimbe na maumivu, na ngozi ya mtoto inaungua upesi. Paja likivimba, chukua kitambaa safi, kilowe maji ya kawaida ya baridi, kikamue, kiweke juu kwa dakika chache. Basi. Kitunguu, viazi, mafuta ya taa, dawa ya meno, hivyo vyote visifike kwenye tundu la sindano.

Kale kauvimbe kagumu unakokagusa chini ya ngozi kanaweza kukaa hata wiki kadhaa, hakana neno kama hakaumi na hakakui. Kakianza kukua, kuwa kekundu, cha moto, au kutoa usaha, mlete.

Kumfunika ndiyo mbaya zaidi. Mtoto mchanga hana uwezo mkubwa wa kutoa joto, ukimfunika Pangani mwezi wa Februari unampandisha wewe mwenyewe. Na kinyume chake pia si sawa: msimwogeshe maji ya barafu, msimpake spiriti. Anatetemeka, na kutetemeka kunazalisha joto, halafu spiriti inapenya ngozini.


#13 Mkulima Geita

Naomba ufafanuzi. Huku kwetu malaria ni ya kila siku. Mtoto wa miezi 3 na nusu kachomwa ya wiki 14 Jumatatu, homa ilikuja usiku ule, Jumanne jioni ikaisha. Leo Ijumaa imerudi 38.7. Mama yake anasema ni ileile ya chanjo inarudi rudi. Tumpe Panadol tu au?


#14 Muuguzi wa Kliniki

Mkuu, mpelekeni kituoni sasa hivi, mjibu mkiwa njiani. Homa ya Penta ikishaisha hairudi siku ya nne. Hiyo mpya ina chanzo chake, na chanzo hakionekani kwa macho: inaweza kuwa malaria, nimonia, njia ya mkojo, masikio, au bakteria kwenye damu. Apimwe malaria kwa kipimo cha haraka, na daktari amsikilize kifua. Ni kweli watoto wa chini ya miezi 6 wanakuwa na kinga kiasi ya malaria waliyopata kwa mama, lakini wanaugua, na wakiugua huzidiwa haraka.

Paracetamol itamshusha joto na mtaona kama amepona. Vimelea vitaendelea.


#15 Mkulima Geita

Tumeelewa. Tunatafuta usafiri.


#16 Mama wa Kisumu

Pole sana Mkulima, Mungu awatangulie. Hapa kwetu Kisumu na kaunti za jirani watoto wanapata pia chanjo ya malaria yenyewe, ilianza 2019, wa kwangu alipata ya kwanza akiwa na miezi 6. Naye alipata homa usiku ule. Nesi alikuwa ameniambia mapema kwamba homa inaweza kuja, na kwamba kwa baadhi ya watoto homa inaweza kuleta mtukutiko siku za mwanzo, kwa hivyo nilikuwa nikimpima. Nikamrudisha kliniki joto lilipopita 39, wakampima wakaona ni chanjo tu, akatulia.

Alinisisitizia pia kwamba mtoto akishapata chanjo ya malaria bado analala ndani ya neti, na homa ikija wiki zinazofuata apimwe kama mtoto mwingine yeyote.


#17 Muuguzi wa Kliniki

Mama wa Kisumu umefungua mlango wa degedege, nilikuwa nataka kufika hapo.

Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Homa ya ghafla inapanda, mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono na miguu inarusharusha, mara nyingi dakika moja au mbili, halafu anazinduka. Kwa umri wa chanjo ndiyo maana tunaliona zaidi kwa surua, miezi 9 na miezi 18, wiki ya pili baada ya sindano. Linatisha kuliko kitu chochote mzazi atakachowahi kuona, lakini lenyewe kwa kawaida haliachi madhara kwenye ubongo.

Likitokea: mlaze ubavu mahali tambarare, legeza nguo, angalia saa. Usimtie kijiko, kidole, wala dawa mdomoni. Usimmwagie maji. Moshi wa kinyesi cha tembo, mkojo, vitunguu puani, nimeshawapokea watoto waliofanyiwa yote hayo na wengine wamefika na nimonia kwa sababu ya vitu vilivyoingia mapafuni. Na ile kauli kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, imetuulia watoto wengi ambao walikuwa na malaria kali tu na dawa yake ilikuwa ni hiyo sindano waliyokatazwa. Likitulia, nenda kituoni. Likizidi dakika 5, nenda nalo hivyohivyo.

Ila mtoto wa wiki 6, 10 au 14 akipata degedege, msiseme ni la homa ya chanjo. Umri huo haujafika. Huyo ni wa dharura moja kwa moja.

Na dharura nyingine, kwa umri wowote wa uzi huu: hanyonyi au anatapika kila kitu. Amelegea, hashtuki ukimgusa. Analia kilio kikali cha juu kisichobembelezeka zaidi ya saa 3. Utosi umevimba akiwa ametulia. Midomo imegeuka rangi. Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anapumua haraka: mhesabu dakika nzima akiwa ametulia, mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 hadi 12 akifika 50, mlete. Homa imepita 39, au imezidi saa 48. Na mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye 38 ambaye hajachanjwa ndani ya hizo saa 48, huyo aonwe siku hiyohiyo, hata kama anacheka.


#18 Mwalimu wa Sumve

Rafiki yangu mtoto wake alipata homa kali ya Penta ya kwanza, akaapa harudi tena. Mtoto ana miezi 5 sasa. Nimembembeleza nimeshindwa. Anasema bora ugonjwa wa Mungu kuliko wa kujitafutia.


#19 Muuguzi wa Kliniki

Mwalimu, endelea kumbembeleza, usichoke. Mwambie haya.

Kifaduro kinawaua hasa watoto wa miezi ya mwanzo. Mtoto mkubwa anakohoa wiki nyingi na anapona. Mchanga hata kile kikohozi chenyewe anaweza asikitoe, anaacha tu kupumua, anabadilika rangi mikononi mwa mama. Dozi moja ya Penta inampa kinga kidogo, ndiyo maana zipo tatu na zimebanana namna ile. Mwanawe sasa hivi ana kinga nusunusu katika umri uleule ambao ugonjwa unaua.

Homa ya dozi ya kwanza si sababu ya kuacha ya pili. Sababu za kutorudia Penta ni chache sana: mzio mkali uliotokea palepale, au tatizo zito la ubongo ndani ya siku 7. Mtoto aliyepata degedege au aliyelegea akapauka baada ya dozi, mama atuambie, tutaandika, daktari ataamua, na taarifa tutaituma TMDA kwa sababu wao ndio wanaofuatilia usalama wa dawa na chanjo. Nyumbani hakuna mtu wa kuamua hilo peke yake.

Kuchelewa pia si mwisho. Miezi 5 anaendelea na dozi ya pili pale alipoachia, haanzi upya. Na asiogope kwamba nitamfokea. Kama kuna kliniki aliwahi kufokewa kwa kuchelewa, aende nyingine, kadi yake inafanya kazi popote.


#20 Mkulima Geita

Wakuu nimerudi. Kipimo cha malaria kimesoma chanya. Amelazwa, wamemwanzishia sindano, mama yake yuko naye. Daktari anasema tumewahi. Ahsanteni.


#21 Baba Pacha

Alhamdulillah. Apone haraka mkuu.


#22 Bibi wa Wajukuu

Mungu amponye mjukuu wetu. Na mama yake ale, maana ananyonyesha.


#23 Muuguzi wa Kliniki

Nimefurahi sana kusikia mmewahi. Akitoka hospitali mrudi na kadi kliniki tuione. Yeye ratiba ya Penta ameshamaliza, inayofuata ni surua akifika miezi 9.


#24 Mama Wawili

Nina la mwisho. Wa tatu nitampeleka Penta ya pili Alhamisi, na Ijumaa alfajiri tuna basi la Sumbawanga, msiba. Siwezi kukosa. Nisogeze chanjo?


#25 Muuguzi wa Kliniki

Pole na msiba, dada. Kama mnarudi ndani ya wiki, mlete mkirudi, siku chache hazitamdhuru. Kama mtakaa huko, mchome Alhamisi asubuhi na mapema: homa yake kwa kawaida itaonekana usiku huo mkiwa bado nyumbani. Kwenye basi mvae nyepesi, mkae dirishani upande usio na jua, mnyonyeshe njia nzima. Beba kipimajoto, chupa uliyoisoma, bomba, na kadi. Akifika Sumbawanga na homa ya Jumapili, mpeleke zahanati iliyo karibu na waambie tarehe ya chanjo ili wahesabu siku.